Kwa nini naunga mkono marufuku ya kurusha taa za angani katika eneo letu

Kiunzi nilichokiokota asubuhi ile kilikuwa kimelala juu ya majani makavu nyuma ya banda la malisho, hatua nne tu kutoka kwenye ukuta wa mbao. Kilikuwa ni pete ya waya nyembamba, upana wake kama sinia kubwa, imekatwa katikati na nyaya mbili zilizopishana, na pale zilipokutana kulikuwa na kibonge cha pamba kilichoungua kikawa cheusi, kikiwa bado kimeshikamana na nta. Ukanda wa karatasi wa upana wa vidole vitatu ulikuwa umebaki upande mmoja wa pete, ukingo wake umebabuka na unanuka moshi. Chini yake majani yalikuwa yameungua kwa duara lisilozidi kiganja cha mkono, kisha moto ukafa wenyewe, nadhani kwa sababu ya umande. Niliuliza nyumba zote za karibu. Hakuna aliyewasha taa ya angani usiku ule, wala hakuna aliyeiona ikishuka.

Mbele ya halmashauri yetu kuna pendekezo la kupiga marufuku kurusha taa hizo, na baadhi ya watu ninaowaheshimu wameliona kuwa ni uadui dhidi ya furaha na majonzi ya wengine. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Nataka kueleza sababu zangu kwa urefu, maana kwenye mikutano ya hadhara kila mmoja hupewa dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi kueleza jambo ambalo madhara yake hayaonekani kabisa na yule anayelitenda.

Taa ya angani ni mfuko wa karatasi nyembamba uliofunguka upande wa chini. Mdomo wake hushikwa wazi na pete ya mwanzi au ya waya, na katikati ya pete huning'inizwa kipande cha pamba kilicholoweshwa nta. Kipande hicho kikiwashwa, hewa ya ndani hupata joto, hutanuka, na kuwa nyepesi kuliko hewa ya nje. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa takriban kilo 1.2, ikifika nyuzi 100, uzito hushuka hadi takriban gramu 950, na tofauti hiyo ya gramu 250 ndiyo nguvu ya kuinua. Taa yenye kimo cha mita moja na upana wa sentimita 60 hubeba kama robo ya mita ya ujazo, kwa hiyo haiwezi kuinua zaidi ya gramu 60 au 70, tukihesabu karatasi, pete na nta kwa pamoja. Kanuni ni ileile iliyowapandisha watu angani kwa mara ya kwanza huko Paris mwezi Novemba 1783 kwa puto la ndugu wa Montgolfier. Ila puto lile lilikuwa na watu wawili ndani yake, na njiani walikuwa wakizima kwa sifongo lenye maji vitobo vilivyoanza kuungua. Waliuchunga moto wao kwa sababu uhai wao ulikuwa juu yake. Taa ya karatasi hupaa na moto ambao hauchungwi na yeyote.

Hilo ndilo jambo ninaloomba lizingatiwe kabla ya jingine lolote. Tuseme taa inakaa hewani dakika 15, na upepo unavuma kwa kilomita 20 kwa saa: itakuwa imekwenda kilomita 5. Upepo wa juu kwa kawaida una nguvu kuliko ule tunaousikia usoni tukiwa chini, kwa hiyo umbali unaweza kuwa maradufu ya huo. Aliyeiwasha huitazama mpaka inakuwa nukta, kisha hurudi ndani na wageni wake. Maelekezo ya matumizi humwambia awe na ndoo ya maji, asimame mbali na miti, asiwashe siku ya upepo, na mtu mwenye busara atayafuata yote hayo. Lakini yote yanahusu mahali pa kuwashia. Mahali pa kuangukia hapajui, hakupachagua, na hana njia yoyote ya kupafikia kwa wakati. Wahenga walisema mchezea tope humrukia; katika jambo hili tope humrukia mtu mwingine, ambaye hakualikwa kwenye sherehe wala hakuulizwa kama yuko radhi.

Wauzaji hujibu kwamba moto huzimika kabla taa haijashuka, kwa kuwa ni kupungua kwa joto kunakoishusha. Kwa taa iliyopaa wima katika hewa tulivu, mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini karatasi huchanika. Upepo wa ghafla huilaza taa ubavu, mwali ukagusa karatasi, na kinachoanguka hapo ni pamba inayowaka. Nyingine hunasa kwenye mti, kwenye nyaya za umeme au kwenye pembe ya paa zikiwa bado na moto wa dakika kadhaa. Na hata mwali ukishazimika, kibonge cha nta hubaki na kaa la moto kwa muda. Duara lile la kiganja nyuma ya banda halikuchorwa na taa iliyozimika angani.

Usiku wa tarehe 30 Juni 2013, taa moja ya aina hiyo ilitua katika uwanja wa kiwanda cha kuchakata taka huko Smethwick, katikati ya Uingereza. Kamera za ulinzi ziliinasa: nukta ya mwanga inashuka taratibu, inatulia juu ya shehena ya plastiki, na baada ya muda mfupi mwanga unaanza kukua. Shehena iliyokuwa hapo ilikadiriwa kuwa tani 100,000 za plastiki na karatasi. Walihitajika wazimamoto wapatao 200, baadhi yao wakaumia, na wingu la moshi lilionekana kutoka mbali sana. Picha za kamera hizo nimezitazama mara nyingi, na kinachonishangaza kila mara ni upole wake. Hakuna mlipuko wala kishindo. Mlinzi aliyekuwa akitazama angeweza kabisa kuiona inapendeza.

Mfano wa pili unanisumbua zaidi, kwa sababu unagusa moja kwa moja suala la marufuku. Katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, Ujerumani, mtoto wa miaka 10 alifariki mjini Siegen mwaka 2009 katika moto wa nyumba uliosababishwa na taa ya angani, na mwaka huohuo jimbo likapiga marufuku kuzirusha. Miaka ikapita. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2020, katika mji wa Krefeld wa jimbo hilohilo, taa zilizorushwa na familia moja zilishukia paa la nyumba ya nyani na sokwe katika bustani ya wanyama. Nyumba iliteketea pamoja na wanyama zaidi ya 30, wakiwemo orangutani watano, gorila wawili na sokwemtu mmoja, na vilevile popo na ndege. Sokwemtu wawili tu waliokolewa. Siku iliyofuata mama mmoja na binti zake wawili walikwenda wenyewe kituo cha polisi. Walikuwa wamezinunua taa hizo kwenye intaneti, na walidhani zinaruhusiwa.

Wapinzani wa pendekezo letu huutaja mkasa wa Krefeld kama ushahidi kwamba marufuku haisaidii kitu. Mimi nausoma vingine. Marufuku ilikuwepo kwa zaidi ya miaka kumi, lakini ilikuwa imekaa kwenye vitabu, huku bidhaa yenyewe ikiendelea kumfikia mnunuzi mlangoni kwake bila neno lolote la onyo. Wanawake wale hawakuwa wahalifu wa tabia. Walitaka kuwatakia watu heri ya mwaka mpya, na waliposikia kilichotokea walijipeleka wenyewe kwa polisi, jambo ambalo wengi wangeona ni rahisi zaidi kulinyamazia. Watu wa namna hiyo ndio hasa ambao katazo linalojulikana lingewazuia, na lingewakinga wao pia dhidi ya mzigo wanaoubeba hadi leo. Nikifikiria jambo hili huwa siwafikirii masokwe peke yao. Humfikiria pia yule mama.

Kwa hiyo sheria ndogo ikipitishwa hapa kwetu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, itakuwa imefanya nusu ya kazi, au pungufu ya hapo. Nitalirudia hilo baada ya kueleza habari ya waya, kwa kuwa ni waya iliyonifanya nianze kulifuatilia suala hili.

Jirani yangu mfugaji, mzee ambaye maisha yake yote yamekuwa ni ng'ombe, alinionyesha siku moja kipande cha waya chenye urefu wa kidole, kilichonyooka na chenye ncha kali pande zote mbili. Alikitoa kwenye malisho yaliyokatwakatwa kwa mashine. Pete nzima ya taa ikianguka kwenye shamba la majani marefu haionekani. Mashine ya kuvunia huipitia pamoja na majani, na pete moja hugeuka vipande kumi au kumi na tano vya aina hiyo, vikachanganyika ndani ya marobota. Ng'ombe hatafuni chakula kwa uangalifu kabla ya kukimeza. Hukimeza kwanza, akakicheua baadaye, na kitu kizito kama chuma huzama katika chumba cha pili cha tumbo, kile chenye kuta zilizojengeka kama sega la nyuki. Chumba hicho kimekaa mbele kabisa, kikitenganishwa na moyo kwa kiwambo tu. Tumbo linapojikaza kusaga chakula, waya husukumwa mbele. Inaweza kutoboa ukuta, ikapita kiwambo, na kufika kwenye mfuko wa moyo.

Mnyama wa namna hiyo haanguki siku moja. Huanza kusimama amepinda mgongo, viwiko vya miguu ya mbele vimetanuka, hataki kuteremka mteremko, maziwa yanapungua, anaguna akilala. Mfugaji anaweza kukaa wiki nzima akihangaika na dawa za minyoo kabla hajajua kwamba ndani kuna chuma. "Mwanangu," mzee aliniambia, "mimi ua nimeutengeneza, lango nimelifunga, mbwa wa watu nimewafukuza. Sasa kinachotoka juu nikizuie na nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina jibu jingine zaidi ya hilo pendekezo.

Niseme wazi, kwa sababu sipendi hoja nzuri itetewe kwa kutia chumvi: utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza na ile ya Wales, na kuchapishwa mwaka 2013, uliona kwamba madhara yaliyothibitishwa kwa mifugo ni machache, na kwamba hatari kubwa zaidi ni moto. Waya za uzio wa zamani, misumari na makopo huua ng'ombe wengi kuliko taa za angani. Lakini msumari ulio kwenye shamba la mzee ni wa shamba lake, na anaweza kuupitishia sumaku au kumwambia kibarua wake awe mwangalifu. Waya iliyotoka angani ni ya mtu asiyemjua, na kwake yeye hasara ya ng'ombe mmoja haipungui kwa kuambiwa kwamba takwimu za nchi nzima ni ndogo. Kuna bundi pia, na ndege wengine, walioonekana wamenaswa na kiunzi hicho shingoni au kwenye mbawa, wakafa kwa kujipigapiga.

Baadhi ya watengenezaji wameacha waya wakatumia mwanzi, na kwenye pakiti huandika kwamba taa zao huoza zenyewe bila kudhuru mazingira. Hatua hiyo inapunguza tatizo la chuma, nami sitaki kuibeza. Hata hivyo mwanzi mkavu uliopasuliwa una kibanzi kikali kama sindano na hukaa shambani muda mrefu kabla haujaoza. Tena pamba ile ni ileile, nta ni ileile, na paa la makuti au la nyasi haliulizi kama pete ni ya mwanzi au ya chuma. Ndiyo maana nimeomba pendekezo letu lisiwe na msamaha wowote kwa taa zinazoitwa rafiki wa mazingira. Msamaha huo ungemtaka askari wa halmashauri asimame gizani akikagua pete, na ungewapa wauzaji neno la kuandika kwa herufi kubwa.

Habari ya baharini na angani nitaipitia kwa ufupi tu, kwa kuwa wengine wanaijua vizuri kuliko mimi. Mwanga wa rangi ya machungwa unaoelea juu ya maji usiku hufanana mno na fataki ya kuomba msaada inayorushwa na chombo kilicho hatarini, na vikosi vya uokoaji wa pwani havina ruhusa ya kudhani, vikiitwa hutoka. Boti inayotafuta watu wasiokuwepo haiwezi wakati huohuo kuwatafuta waliopo. Kuhusu ndege, mfano ulio wazi ni Chiang Mai kaskazini mwa Thailand, ambako kila mwaka wakati wa sikukuu ya taa safari kadhaa za ndege hufutwa au kubadilishwa saa, na mamlaka huweka muda maalumu ambao taa zinaruhusiwa kupaa.

Nimeitaja Chiang Mai kwa makusudi, maana swali la mila ni la haki. Wachina huziita taa hizi taa za Kongming, kwa jina la pili la Zhuge Liang, mtaalamu wa vita aliyeishi kati ya mwaka 181 na 234, ambaye masimulizi yanasema alizitumia kupeleka ishara alipozingirwa na adui. Huko Pingxi, Taiwan, watu huandika dua zao kwenye karatasi na kuzirusha katika bonde, na wakazi wa hapo wamejifunza kwa muda mrefu kuishi na desturi hiyo, wakijua msimu wake, mahali pake na kazi ya kuokota mabaki. Mimi sina neno dhidi ya watu hao. Hoja yangu inahusu maeneo kama letu, ambako taa hizi ziliingia kama bidhaa ya sherehe, zikarushwa usiku wowote na mtu yeyote, pasipo mahali maalumu, pasipo kikosi cha zimamoto kujulishwa, na pasipo mtu aliyepewa kazi ya kwenda kuokota kilichoanguka.

Swali gumu zaidi kwangu halikuwa la mila. Kwenye mkutano wa kwanza wa hadhara alisimama mama mmoja, akasema mwanawe alifariki akiwa mdogo, na kila ifikapo siku ya kuzaliwa kwake yeye hurusha taa moja. Akatuuliza, kwa sauti ya chini, kama na hiyo moja tunaiona ni hatari. Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia nyaya na marobota, na karatasi yangu niliirudisha mfukoni, kwa kuwa kumjibu hadharani kungekuwa ni kumvunjia heshima.

Baada ya siku chache nilimwendea nyumbani kwake. Nilikuwa na kile kiunzi, nimekifunga kwenye gazeti, na nilisitasita sana kabla ya kukitoa. "Mama," nilimwambia, "hiki kiliangukia nyuma ya banda la malisho. Simjui aliyekirusha, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya." Alikishika pete ile kwa mikono miwili, akakigeuza, akagusa ule ukanda wa karatasi uliobabuka. Alikaa nacho kwa muda. Kisha akauliza, "Na zangu ziliangukia wapi?" Hakuwa akinibishia. Alikuwa anataka kujua kweli, na ilionekana kwamba katika miaka yote hiyo swali hilo halijawahi kumjia, kwa sababu taa yenyewe imeundwa ili isimjie: hupanda, hufifia, na macho huishia pale inapotoweka. Sikumwomba abadili msimamo, na hadi sasa sijui atasema nini kikao kitakapofika. Namheshimu kwa swali lile kuliko ninavyowaheshimu wengi walioniunga mkono.

Sasa nirudi kwenye sheria yenyewe. Mamlaka ya eneo ina mipaka, na ni vizuri tuijue mapema ili tusije tukavunjika moyo. Huko Wales halmashauri zote 22 zimekwisha kukataza taa hizi, lakini katazo lao linahusu ardhi inayomilikiwa au kusimamiwa na halmashauri: viwanja, bustani, fukwe, kumbi, shule. Mwenye shamba lake binafsi halimgusi. Wapo wanaosema katazo la namna hiyo ni la maonyesho tu. Siafiki. Sherehe nyingi kubwa hufanyika kwenye viwanja na kumbi za umma, na ukumbi una kitu ambacho sheria ya nchi haina, nacho ni mkataba wa kukodi. Sharti likiandikwa katika mkataba huo, pamoja na amana inayoshikiliwa endapo litavunjwa, mwandaaji wa sherehe analisoma miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, tena akiwa na kalamu mkononi. Hapo ndipo watu kama wale watatu wa Krefeld wangejua.

Kwingineko wamekwenda mbali zaidi. Brazil, ambako maputo ya moto yamekuwa yakirushwa tangu zamani katika sikukuu za mwezi Juni, ilipitisha mwaka 1998 sheria ya makosa ya mazingira ambayo kifungu chake cha 42 kinamshika anayetengeneza, anayeuza, anayesafirisha na anayerusha maputo yanayoweza kuwasha moto misituni au mijini, adhabu ikiwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, au faini, au vyote viwili. Australia ilichagua kuanzia dukani: tangu mwaka 2011 kuziuza ni kosa. Marekani suala hili liko mikononi mwa majimbo, na mengi yamezikataza. Napenda zaidi njia ya Brazil ya kutaja kila mkono ambao taa hupitia, kwa sababu anayerusha ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, naye ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote. Adhabu ya kifungo, kwa eneo letu, naiona imezidi kipimo. Faini na kulipia gharama za zimamoto vinatosha.

Halmashauri yetu haina uwezo wa kuzuia kinachouzwa kwenye intaneti. Ina uwezo, hata hivyo, juu ya leseni za biashara za mahali hapa, juu ya vibali vya matukio, na juu ya barua zinazotoka kwa jina lake. Nimependekeza barua iandikwe kwa wapambaji wa sherehe, kwa wapigapicha, kwa viongozi wa dini wanaofungisha ndoa na kusimamia mazishi, na kwa walimu wakuu, kwa kuwa hao ndio watu wanaoulizwa "tufanye nini kizuri siku hiyo" muda mrefu kabla ya sheria kuulizwa chochote. Nimependekeza pia kikosi cha zimamoto kipewe nafasi ya kueleza, kwa maneno yao wenyewe, maana yake nini kuitwa saa saba usiku wa kiangazi kwenda kuzima malisho ya mtu.

Suala la taa iliyofungwa kwa kamba limezua mjadala kidogo. Wapo wanaotaka iruhusiwe, kwa hoja kwamba haiendi popote. Sina pingamizi kubwa, mradi kamba isiwe ya kuungua na mtu awe ameishika muda wote, lakini ningependa uamuzi huo uachwe kwa zimamoto na usiandikwe ndani ya sheria ndogo kama haki. Baluni za gesi zinazoachiwa kwa wingi ziletwe kwa pendekezo lake peke yake. Zina madhara yao, hasa baharini, lakini hazina moto, na tukizichanganya na hizi tutapoteza kikao kizima tukibishana kuhusu siku za kuzaliwa za watoto.

Rasimu iliyosambazwa wiki iliyopita ina maneno mawili ninayoyapinga. Inasema ni marufuku kurusha taa za angani "bila kibali". Nimekaa na maneno hayo kwa siku kadhaa nikijaribu kuwaza ni kitu gani ambacho ofisa wa kibali angekikagua. Atakagua uwanja, ndoo za maji, idadi ya watu, hali ya hewa ya jioni ile. Yaani atakagua mahali pa kuwashia, kama maelekezo ya kwenye pakiti yanavyofanya. Banda la mzee halitakuwa kwenye fomu yake, wala mti ulio kilomita sita mbele, wala boti iliyoko baharini. Kibali kitamfanya mwombaji aamini kwamba kuna mtu aliyeangalia kule taa inakokwenda, ilhali hakuna aliyeangalia, na hakuna anayeweza.

Nimeandika barua kwa katibu wa kikao nikiomba maneno hayo yaondolewe, ili kifungu kiishie kwenye neno "angani". Kikao ni wiki ijayo, na mjadala uko wazi kwa wakazi wote. Kiunzi nitakwenda nacho, bila gazeti safari hii, nikiweke mezani mbele ya madiwani ili kila mmoja akishike kabla ya kupiga kura.